Nililipa Langu, Lipa Lako

Kati ya hoja zote ambazo Wamarekani hurushiana wakibishana siasa, hakuna inayonikera kama hii: mimi nililipa mkopo wangu wa chuo, huyu naye kwa nini asamehewe? Ugomvi wao wa bunduki nauelewa, angalau naona unatoka wapi. Ule wa mimba pia, kuna dini pale na kuna mwili wa mtu. Lakini hii ya mkopo imevaa suti ya haki, na ukiipekua mifukoni hupati kitu. Cha kushangaza ni jinsi ilivyovuka bahari. Utaisikia Juja, utaisikia Umoja, ikitoka kwa vijana ambao Washington haiwadai hata senti. Wanamtetea mlipakodi wa Ohio kana kwamba ni mjomba wao wa damu.

Mimi naijua hoja hii kwa sababu nimelipwa kuiandika. Niliacha chuo mwaka wa tatu, mkopo wa masomo ukabaki, shahada haikuja. Nikaingia kazi za mtandaoni, zile za kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, kazi ambayo Nairobi imejulikana kwayo hadi gazeti la New York Times likaandika habari zetu mwaka 2019. Nilikuwa napata dola 4 kwa ukurasa. Wiki moja oda inasema: eleza kwa nini kufuta mikopo ni dhuluma kwa waliokwisha kulipa. Wiki inayofuata, mteja mwingine, chuo kingine: tetea kufutwa kwa mikopo. Nikaandika zote mbili na hakuna aliyerudi kulalamika. Sitaki mahubiri kuhusu kazi hiyo, mwenye nyumba hapokei maadili mwisho wa mwezi. Ninachosema ni kwamba pengine karo ya yule kijana, na hata zile dola 4 zangu, zilitoka kwenye mkopo wa serikali ya Marekani. Yaani mtu alikopa ili mimi, mwenye deni langu, nimwandikie kwamba wakopaji wasihurumiwe.

Hebu kwanza tukumbushane kilichotokea, maana wengi wanabishana juu ya mambo waliyoyasikia nusu. Agosti 2022 Rais Joe Biden alitangaza kwamba serikali itafuta hadi dola 10,000 za deni la chuo kwa kila mtu anayepata chini ya dola 125,000 kwa mwaka, na hadi dola 20,000 kwa waliosomea kwa msaada wa Pell, ule wa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Waliostahili walikuwa zaidi ya milioni 40. Karibu milioni 20 kati yao deni lingeisha kabisa, sufuri. Milioni 16 walikuwa wameshakubaliwa, wanangoja tu. Kisha majimbo sita yakaenda kortini, na tarehe 30 Juni 2023 Mahakama ya Juu ikauzima mpango wote, majaji 6 kwa 3.

Sasa angalia kesi yenyewe iliingiaje pale ndani. Marekani huwezi kuishtaki serikali hivi hivi kwa sababu jambo halikufurahishi. Lazima uonyeshe limekuumiza. Basi majeruhi akatafutwa, akapatikana MOHELA, shirika la jimbo la Missouri linalosimamia mikopo hii kwa niaba ya serikali kuu na kulipwa ada. Deni likifutwa, ada inapungua, na hesabu ikawa kama dola milioni 44 kwa mwaka. MOHELA lenyewe halikushtaki. Missouri ndiyo iliyoshtaki, ikasema jeraha la MOHELA ni jeraha lake. Siku hiyo hiyo kulikuwa na kesi ya pili, ya wakopaji wawili: mmoja mpango ulikuwa umemwacha nje, mwingine angepata 10,000 lakini si 20,000. Hao ndio waliokuja na ule uchungu wa kawaida, kwa nini yule apate na mimi nisipate. Majaji wote tisa waliitupa kesi yao.

Umeona? Uchungu wa "nililipa langu" ulipigiwa kelele kwenye kila runinga, lakini mlango wa mahakama haukufunguka kwa ajili yake. Ulifunguka kwa ada ya msimamizi wa madeni. Wewe uliyelipa kwa shifti mbili ulikuwa pambo tu la mazungumzo.

Na najua wapo waliolipa kwa jasho. Dada yangu ni mmoja wao. Kwa vitabu ni binamu, mtoto wa mama mkubwa, lakini kwetu huyo ni dada na maneno yamekwisha. Ni nesi Minnesota, raia wa kule sasa. Alikopa kusoma, akalipa kwa miaka tisa, wikendi zote yuko wadini. Nilipomwambia kwa simu kwamba naandika kuhusu jambo hili, alinijia juu.

"Usiniletee habari za kusamehewa. Nililala kwenye gari kati ya shifti mbili, theluji hadi dirishani. Nani alinisamehe?"

"Hakuna, dada."

"Basi."

"Sasa ungetaka mtoto wako naye alale kwenye gari?"

"Mtoto wangu hatakopa."

"Kwa nini asikope?"

"Kwa sababu nimemwekea pesa, mjinga wewe!"

Nikanyamaza, ni mkubwa wangu. Lakini wewe msomaji umesikia. Mtu anayeamini kwamba kulipa lile deni kulikuwa haki, na ati kunajenga tabia, angemwacha mwanawe naye ajengwe. Dada anafanya kila awezalo mtoto asionje. Anajua vizuri kile kitu ni nini. Anachodai ni kwamba watoto wa watu wengine waendelee kukionja ili kile alichopitia yeye kisionekane kilikuwa bure.

Tena hapa kuna uongo wa miaka. Yule mzee wa Kimarekani anayejisifu kwamba alijilipia chuo kwa kuosha vyombo likizoni alisoma wakati serikali ilikuwa imebeba mzigo mkubwa. University of California ilikuwa haiwatozi wakazi wa jimbo karo ya masomo, ada ndogo ndogo tu. Ronald Reagan alipoingia ugavana mwaka 1967 akaanza kusukuma kwamba wanafunzi nao walipe, na mwaka 1970 ada ya masomo ikaanza. Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya 1944 iliyowarudisha askari wa vita vikuu darasani kwa pesa za serikali, zaidi ya milioni 2 wakaenda vyuo vikuu. (Askari Weusi wa majimbo ya kusini walifungiwa nje kwa hila za maafisa wa mitaa, lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.) Hao wazee hawaitwi watu waliosamehewa. Wanaitwa kizazi cha wachapakazi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni habari ya kufilisika, na hapa nitakaa kidogo.

Marekani ni nchi inayosamehe madeni. Watu hawaamini nikiwaambia. Ina mahakama maalum za kufilisika, ina mawakili ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, na mtu aliyelemewa anaweza kuingia na rundo la madeni ya kadi za benki na ya hospitali akatoka mweupe. Kampuni za Donald Trump ziliingia kwenye ulinzi huo mara sita kati ya 1991 na 2009, ya kwanza ikiwa ya kasino ya Taj Mahal kule Atlantic City. Nyumba ya kamari! Waliomkopesha wakapata walichopata, maisha yakaendelea, mwenyewe akawa rais mara mbili. Hakuna aliyetoka mtaani akilia kwamba yeye alilipa deni la kasino yake mwenyewe.

Mkopo wa chuo haukuwekwa kwenye kundi hilo. Mwaka 1976 Bunge lao liliamua kwamba mtu asiuingize mahakamani kabla ya miaka mitano, isipokuwa athibitishe mateso ya kupita kiasi. Hofu ilikuwa kwamba vijana wangehitimu Ijumaa na kufilisika Jumatatu. Uchunguzi wa wakati ule ulikuta mikopo iliyofutwa kwa njia hiyo haikufika hata asilimia 1. Haikusaidia. Mwaka 1990 mitano ikawa saba. Mwaka 1998 wakaondoa miaka yote: sasa deni ni la maisha. Mwaka 2005 wakaongeza na mikopo ya benki binafsi, na mmoja wa maseneta waliopiga kura ya ndiyo aliitwa Joe Biden. Kwa hiyo sikubembelezi uende chama chochote, bana. Wote walishika jembe kuchimba hilo shimo.

Mwaka huo huo wa 2005 Mahakama ya Juu, bila jaji hata mmoja kupinga, iliamua kwamba serikali inaweza kukata malipo ya uzeeni ya mtu kwa mkopo wa chuo hata kama deni limepita miaka kumi. Mzee anaweza kukatwa pensheni kwa darasa alilokaa akiwa kijana. Kasino haikatwi.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 Bunge lilipitisha mpango wa mikopo kwa wenye biashara, ule wa PPP, na kufikia mwisho ulikuwa umetoa kama dola bilioni 800. Zaidi ya asilimia 90 ya mikopo hiyo ilisamehewa. Marjorie Taylor Greene, wakati huo mbunge wa Georgia, aliyesema kufuta madeni ya wanafunzi si haki kabisa, alikuwa amesamehewa dola 183,504. Vern Buchanan wa Florida, zaidi ya milioni 2.3. Ikulu yenyewe iliyaweka majina hayo hadharani Agosti 2022, mmoja baada ya mwingine, na nakiri nilifurahia kuliko inavyofaa. Mkuki kwa nguruwe.

Utaniambia, na nimeambiwa, kwamba PPP iliandikwa tangu mwanzo kuwa itasamehewa, kwa hiyo si sawa. Ni kweli iliandikwa hivyo. Hilo ndilo lalamiko langu! Mwenye biashara anaandikiwa msamaha kabla hajakopa, na kijana wa miaka 18 anaandikiwa kifungo kabla hajajua riba inahesabiwaje. Na usiseme zile pesa zote ziliokoa mishahara. Wachumi wakiongozwa na David Autor wa MIT walipiga hesabu wakakuta ni kati ya asilimia 23 na 34 tu zilizowafikia wafanyakazi ambao wangepoteza kazi. Nyingine zilibaki juu, kwa wenye biashara na wenye hisa.

Kuna hoja moja upande wa pili ambayo naiheshimu. Kufuta deni leo hakupunguzi karo ya kesho. Mwaka ujao wengine watakopa, tutarudi pale pale. Sawa kabisa. Hiyo ni sababu ya kushughulikia na karo pia. Mtu akizama mtoni humwachi pale kwa sababu daraja halijajengwa.

Ile nisiyoiheshimu ni ya fundi. Ati kwa nini fundi bomba ambaye hakwenda chuo alipe, kupitia kodi yake, deni la wakili? Ukisikiliza utadhani fundi aliwatuma wamsemee. Mimi ndiye huyo mtu mnayemsemea, mtu asiye na shahada, kwa hiyo nipeni nafasi.

Kwanza, fundi naye ni mdaiwa. Mikopo hii si ya Harvard peke yake, inalipia pia vyuo vya ufundi, na baadhi ya vile vya kibiashara viliwachinja watu. Corinthian Colleges ilikuwa na matawi ya kufundisha umakanika na kazi za usaidizi hospitalini, ikadanganya wanafunzi kuhusu nafasi za kazi, ikafa mwaka 2015. Juni 2022 serikali ililazimika kufuta dola bilioni 5.8 za watu 560,000 waliosoma huko. Hao ndio mafundi. Msitumie majina yao kuwapiga.

Pili, na hili wengi hawalijui: wanaoshindwa kulipa kwa wingi si wale wenye madeni makubwa. Daktari anadaiwa dola 200,000 na analipa, kwa sababu ni daktari. Anayezama ni yule wa dola 6,000 au 9,000. Kwa nini deni ni dogo? Kwa sababu aliacha chuo. Alikopa muhula mmoja, miwili, mama akaugua au kazi ikabadilisha zamu, akatoka. Ana deni la msomi na mshahara wa asiyesoma. Dola 10,000 za Biden zingemgusa huyo kuliko wakili yeyote, zingemfuta kabisa kwenye vitabu. Mimi huyo mtu sihitaji kuelezwa anavyoishi. Anajua tarehe ya kila mwezi ambayo hatapokea simu ya namba asiyoijua. Akiulizwa alisomea nini, anataja kozi na kuacha sentensi ielee hapo.

Mbona sisi huku tunaimeza hoja hii? Nadhani ni kwa sababu inafanana na malezi yetu. Tumekuzwa tukiambiwa kwamba aliyeteseka ndiye aliyestahili. Mwalimu alichapwa, kwa hiyo anachapa. Waliotutangulia shule ya bweni walilala chini, nasi tukalazwa chini, na mwaka uliofuata tulisimama mlangoni tukingoja wageni. Tena jambo lenyewe si la mbali. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliacha mtindo wa kutuma pesa moja kwa moja kwa vyuo kwa kila mwanafunzi, ikaleta mchanganyiko wa ufadhili na mikopo kulingana na uwezo wa familia. Maneno yaliyotumika kuutetea, kwamba kila mtu abebe mzigo wake, nilikuwa nimeshayachapa mara nyingi kwa dola 4 ukurasa. Anayetaka kujua barabara hiyo inakwenda wapi ana nchi nzima ya kutazama.

Na msifikirie kwamba Mmarekani akifuata masharti anatoka. Kuna mpango wa 2007 unaosema: fanya kazi ya umma miaka kumi, ualimu, unesi, kazi ya kijamii, lipa bila kukosa, na kinachobaki tutafuta. Watu walipanga maisha yao juu ya ahadi hiyo. Miaka kumi ilipotimia, hadi katikati ya 2018 watu kama 28,000 walikuwa wameomba. Waliokuwa wamesamehewa ni 96. Hujasoma vibaya, ni tisini na sita. Mmoja alijaza fomu isiyo yake, mwingine alikuwa kwenye aina ya mkopo isiyofaa na hakuna aliyemwambia kwa miaka yote hiyo, ingawa alipiga simu kuuliza. Sheria zilipolegezwa chini ya Biden, waliosamehewa wakapita milioni 1 kufikia Oktoba 2024. Ilikuwa inawezekana muda wote. Walimu hao hao, miaka ile ile ya kazi.

Sasa upepo umegeuka tena. Tarehe 5 Mei 2025 serikali ya Donald Trump ilianza upya kuwakamua walioshindwa kulipa, watu zaidi ya milioni 5, baada ya miaka mitano ya kuwaacha. Marejesho ya kodi yakawa ya kushikwa, na mishahara nayo ikatishiwa kukatwa. Na tarehe 4 Julai mwaka huo Trump alitia saini sheria inayobadilisha mipango ya kulipa: anayekopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026 na kuchagua kulipa kulingana na kipato atalipa hadi miaka 30 kabla ya kinachobaki kufutwa. Ukihitimu na miaka 22 unamaliza na 52. Dada yangu alilipa kwa tisa akalala kwenye gari.

Mtoto wake anaingia chuo mwaka huo huo. Nilimuuliza dada zile pesa alizomwekea zinatosha kiasi gani. Akasema miaka miwili, labda na nusu, kisha akaniuliza kama mvua imenyesha kwetu.